Turubai Katikati ya Baraza

Kitu cha kwanza Nabwire alichokiona asubuhi ile kilikuwa kandambili za mama yake. Zilikuwa zimeachwa nje ya mlango, za buluu, ukanda wa moja umefungwa kwa waya, na zilikuwa pana kuliko mguu wowote wa pale uani. Mtu hakuhitaji kuuliza. Angeziona tu akajua kuwa ndani ya chumba kile analala mtu wa tatu.

Aliinama kwa shida, tumbo limemtangulia, akaziokota na kuzisukuma chini ya kitanda.

"Mama, viatu."

"Nimesahau," alisema Topista. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akijifunga leso kiunoni. "Kwangu Namakwekwe viatu vinakaa nje. Sijazoea kujificha kama mwizi wa kuku."

"Madam akiviona..."

"Nimesikia. Watu wawili, fundi na mkewe. Hakuna mgeni, hakuna ndugu. Umeniambia mpaka naota."

Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, huko Wanyange kando ya ziwa, karibu na tangi la maji. Walikipata pamoja na kazi, na kazi ikiondoka nacho kingeondoka. Topista alikuja kutoka Namakwekwe, Mbale, wiki iliyopita, na fungu la malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, aje kumpokea mjukuu wake wa kwanza. Mama yake Isiko, mume wa Nabwire, alishakufa, kwa hiyo Nabwire hakuwa na mwanamke mwingine wa kumshika mgongo siku ikifika. Waliingia kwa geti la nyuma. Otim, mlinzi, aligeuka upande wa pili akatazama juu kana kwamba anahesabu ndege.

Tangu siku hiyo Isiko alilala stoo, kati ya makopo ya mafuta ya mbao na mashine ya msasa. Hakuwahi kumwona mama mkwe wake usoni, hata siku ya kujitambulisha kwao Mbale, na hakutaka kuanzia pale. Alipotaka kupita uani alikohoa. Topista alisikia kikohozi, akaingia ndani, akafunga mlango. Hivyo ndivyo walivyoheshimiana, na hakuna aliyeona ajabu.

Otim alipita na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya dirisha lao.

"Nabwire, funika sufuria. Malewa yananuka mpaka getini."

"Samahani, Afande."

"Mimi nimekaa jela miaka mingi, upande wa wenye funguo. Pua hii ilikuwa inakamata tumbaku ndani ya soksi. Na Madam ana pua kama yangu." Alikunywa chai. "Yuko barazani na mume wako. Sauti iko juu."

*

Baraza lenyewe lilikuwa la mbao za mvule, pana, limetoka mbele ya nyumba mpaka karibu na mwinuko wa ziwa. Jua na mvua zilikuwa zimelila miaka mingi. Isiko alilikuta la kijivu, lina ukungu mweusi kwenye nyufa na vinyesi vya ndege. Alilisugua kwa brashi na sabuni, akalisuuza, akaliacha likauke, kisha akapita juu yake na msasa ubao kwa ubao. Sasa mbao zilikuwa za rangi ya asali mbichi, uchi kabisa. Lililobaki lilikuwa kulinywesha mafuta ya kuzuia maji. Mbao uchi zikinyeshewa, kazi yote inarudi mwanzo.

"Mvua ya jana ilisimama pale," alisema Madam Ritah, msimamizi wa nyumba, akionyesha kisiwa kwa simu yake. "Leo itafika hapa. Kesho mwenye nyumba analeta wageni wake. Nimwambie nini, Isiko? Nimwambie fundi wangu anasubiri watu wacheze ngoma?"

"Sam alisema anarudi, Madam."

"Mpigie nisikie."

Isiko alipiga. Sam, msaidizi wake, alikuwa amekwenda kwao Mbale kwa imbalu, tohara ya mdogo wake. Simu ilipokelewa kwa filimbi na kelele na njuga za mapajani, na katikati yake sauti ya Sam iliyokauka: "Boss! Kijana bado hajakatwa, tunazunguka naye kwa wajomba! Jumatatu, boss!" Kisha simu ikakatika.

Ritah alicheka kidogo, bila furaha. "Jumatatu." Akatazama mbao, akamtazama Isiko. "Sina ubaya na wewe. Lakini kuna mafundi Kampala, nimeshaongea nao. Baraza lisipopakwa leo, kesho alfajiri wanaingia, na watahitaji mahali pa kulala. Unanielewa?"

"Naelewa, Madam."

"Chumba kiwe kitupu."

Akaondoka, viatu vyake vikigonga mbao alizotoka kuzisafisha Isiko kwa magoti.

Isiko alidondosha tone la maji juu ya ubao. Tone lilikaa kidogo, likatanuka, likazama. Mbao zilikuwa tayari, zina kiu. Alisimama akatazama urefu wa baraza. Mafuta yale hayataki mtu mmoja. Unayapaka, unayasugua kwa kitambaa, unakimbia nayo kutoka kichwa cha ubao mpaka mwisho kabla ukingo haujakauka. Ukichelewa, ukirudia juu ya palipokauka, pana alama inayobaki kama jasho kwenye shati. Na mbao hizi zilikuwa ndefu. Yeye na Sam walizoea kuanza kila mmoja upande wake na kukutana katikati. Peke yake, kwa upepo huu wa ziwa, angeacha mistari kama punda milia.

*

Nabwire alisema atasaidia. Aliyeshindwa kwanza hakuwa yeye, yalikuwa magoti. Alishuka, akanyoosha mkono na kitambaa, tumbo likagusa mbao, akabaki hapo bila kwenda mbele wala kuinuka. Isiko alimshika kwapani akamsimamisha.

"Utazalia hapa," alisema. Alitaka iwe mzaha. Haikuwa.

Kutoka mlango wa jiko la nyuma Topista aliona yote. Alimngoja binti yake afike.

"Kazi ile ni ya nini hasa? Kupaka na kusugua?"

"Ndiyo, Mama. Ila ukingo usikauke."

"Kama kukandika nyumba kwa samadi. Ukiacha ukingo ukauke, sakafu inakuwa na viraka, wageni wanakucheka." Topista alikunja mikono ya blauzi. "Mwambie mumeo niko hapa."

"Mama, haiwezekani."

"Mimi sijasema nataka kumwona. Nimesema mwambie."

Isiko alikuwa stoo anachuja mafuta. Nabwire alisimama mlangoni, akayasema maneno ya mama yake akitazama sakafu. Isiko aliweka kopo chini polepole.

"Unataka nipate obuko?"

Nabwire alikijua alichokuwa anakiona mumewe. Kwao Busoga mkwe na mama mkwe hawakai ubao mmoja, hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakifanya hivyo wanapata obuko: mikono inaanza kutetemeka, na haikomi. Isiko alikuwa na mjomba, Mugweri, ambaye hakuweza kupeleka kikombe mdomoni bila kukishika kwa mikono miwili. Watu walisema mengi juu yake na mama mkwe wake. Isiko hakujua kama aliamini. Alijua kwamba mikono yake ndiyo yote aliyokuwa nayo.

"Mwambie nashukuru," alisema. "Mwambie haiwezekani."

Nabwire alirudi jikoni. Topista alisikiliza, akachota maji, akanawa.

"Muulize: chumba kikiondoka, mtoto azaliwe wapi? Na muulize hilo turubai la buluu lililoko stoo ni la nini."

*

Walilifunga turubai katikati ya baraza, kutoka nguzo moja mpaka nyingine, likakata mbao zote mahali pa katikati. Chini waliacha nafasi ya kupita mkono. Upande wa ziwa alipiga magoti Isiko. Upande wa nyumba Topista, pekupeku, leso kichwani. Walianza kila mmoja kutoka mwisho wa mbao zake, wakijongea kwa magoti kuelekea turubai. Nabwire alisimama pembeni, kwenye ngazi, mahali pekee ambapo mtu angeweza kuwaona wote wawili.

"Mwambie achovye kidogo," alisema Isiko. "Mafuta yakizidi yananata."

"Mama, uchovye kidogo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nimeshaanza."

"Ameshaanza, ssebo," alimwambia mumewe kwa heshima.

"Mwambie afuate mshipa wa mbao, asizungushe mkono."

"Mama, ufuate..."

"Mwambie mkono huu umekandika nyumba kabla hajaota meno."

Nabwire alisita. "Anasema sawa," alimwambia Isiko.

Tabu ilikuwa katikati. Mmoja akifika kwenye turubai, ilimpasa kupitisha mkono chini yake na kumalizia, na mwenzake asiwe amefika. Wakifika pamoja, mikono ingekutana. Wakipishana sana, ukingo ungekauka. Kwa hiyo Nabwire, ambaye shuleni alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa mpaka siku alipoacha, ilibidi apaze sauti.

"Mama, sasa! Rudi. Ssebo, sasa."

Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mtoto. Baadaye ilipata nguvu yake. Mkono wa Topista ulitokea chini ya turubai, mweusi, unang'aa mafuta, ukasugua, ukapotea. Kisha ukatokea wa Isiko, ukapita palepale. Mvule ulikuwa unabadilika mbele ya macho yao, kutoka asali mbichi hadi rangi ya chai ya rangi. Isiko alisikia kitambaa cha upande wa pili, kinaenda bila kuruka, na mabega yake yakalegea kidogo. Sam hakuwahi kusugua hivyo. Sam alikuwa anapiga hadithi.

"Mwambie," alisema, halafu akanyamaza. "Mwambie anaenda vizuri."

"Mama, anasema unaenda vizuri."

Upande wa nyumba Topista alitabasamu peke yake kwenye mbao. Alikuwa mjane wa siku nyingi. Hakukumbuka mara ya mwisho mwanamume kuisifu kazi yake.

Mawingu yalikuwa yamefika kisiwani. Upepo uliingia chini ya turubai ukalifanya livimbe kama shavu, na Nabwire akalikamata pindo kwa mikono miwili asije akawafunua. Alikuwa bado amelishika aliposikia viatu vya Madam Ritah vinakuja kwa njia ya mawe ya upande wa ziwa.

*

Ritah alisimama kwenye nyasi, upande wa Isiko, akatazama mbao zilizopakwa. Alipenda alichokiona, akajizuia kusema.

"Hili turubai la nini?"

"Upepo, Madam," alisema Isiko. "Unakausha mafuta upesi."

"Na nani yuko huko nyuma? Nasikia mtu."

Kitambaa cha Topista kilikuwa kinaendelea. Isiko alitazama kopo lake. Akisema ukweli, chumba kimekwenda. Na kilikuwepo kingine kilichomkaba: kusema mbele ya mwanamke wa mjini, ambaye kwao pia ni Busoga, kwamba yuko magotini juu ya ubao mmoja na mama mkwe wake.

"Kibarua tu, Madam."

"Kibarua gani? Wa wapi?"

"Wa huku chini kijijini. Mama mmoja tu. Nimemwokota asubuhi."

Ritah alimgeukia Nabwire. "Wewe unamjua?"

Nabwire alikuwa ameshika pindo la turubai. Kutoka pale aliona mgongo wa mama yake. Kitambaa kilikuwa kimesimama. Mkono ulikuwa juu ya ubao, umetulia, kiganja kimekandamizwa, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya mbao. Nabwire alifungua mdomo, akaona chumba, akaona kitanda, akaona kandambili chini yake. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Basi asiingie kwenye nyumba," alisema Ritah. "Vitu vimepotea hapa. Akimaliza apite geti la nyuma, na Otim amkague."

Akarudi kwa njia aliyokujia. Kitambaa kikaanza tena, polepole kwanza, halafu kwa kasi yake ya zamani.

"Mwambie..." Isiko alianza.

"Nimesikia," sauti ilisema nyuma ya turubai. Ilikuwa mara ya kwanza Topista kumjibu moja kwa moja, na kwa sababu hiyo Isiko alitishika kuliko kama angetukanwa. "Nabwire, mwambie mumeo ajongee. Mvua inakuja."

*

Walimaliza mbao za mwisho ziwa likiwa limegeuka rangi ya risasi. Topista alikwenda bombani nyuma ya jiko kunawa mikono kwa majivu. Isiko alifungua turubai, kisha akachukua vitambaa akavitundika kimoja kimoja kwenye waya, kwa kuwa vikirundikwa vinawaka moto vyenyewe. Alitazama vidole vyake alipokuwa anavitundika. Vilikuwa vimetulia. Alivitazama tena.

Nabwire alimkuta mama yake ameinamia bomba.

"Mama."

"Chemsha maji unywe kitu. Umesimama siku nzima."

"Mama, nilitaka..."

"Ulitaka chumba. Hata mimi nakitaka. Utamzalia wapi huyo, kwenye basi la Mbale?" Alisugua kucha bila kumtazama. "Pale Namakwekwe nimeitwa mengi. Nimeitwa na wapangaji, nimeitwa na walevi wa malwa. Kibarua si tusi."

Lakini aliendelea kusugua mkono mmoja ule ule, ambao ulikuwa umetakata zamani.

Mvua ilifika kwa matone makubwa, machache. Ritah alitoka na mwavuli, nyuma yake Otim. Matone yalianguka kwenye mvule uliokwisha kunywa mafuta, na hayakuzama. Yalikaa juu, mviringo, yakatetemeka kwa upepo, yakaviringika hadi kwenye nyufa. Ritah alichuchumaa akagusa moja kwa ukucha.

"Haya," alisema. "Haya, Isiko. Sasa hii ni kazi. Wa Kampala nitawapigia wasije." Akatembea urefu wa baraza, akipiga picha za kumtumia mwenye nyumba. Isiko alimfuata hatua moja nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile alipumua mpaka chini.

Karibu na katikati Ritah alisimama.

"Na hapa je?"

Upande wa nyumba, kwenye ubao mmoja, palikuwa na alama. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nyeusi kidogo kuliko mbao za pembeni, ukubwa wa kiganja, na ukingo wake ulionekana wazi kama pwani kwenye ramani.

"Ni huyo kibarua wako," alisema Ritah. "Unaona? Mtu wa kuokota. Ameharibu palepale katikati ambapo mzee mwenye nyumba ataweka meza yake. Otim, bado yuko? Mwite."

Otim alimtazama Nabwire, akamtazama Madam, akakohoa. "Madam, yule mama ni..."

"Nimesema mwite."

Hakukuwa na haja. Topista alikuwa amesikia. Alitoka nyuma ya jiko, pekupeku, leso imelowa mabegani, akasimama mahali baraza lilipoanzia. Hakukuwa tena na turubai.

Isiko aligeuka. Hakufikiri, mwili wake ulifanya kabla yake. Aligeuza uso kuelekea ziwani, akainamisha kichwa, akabaki hivyo kwenye mvua, mgongo kwa wote, kama mkwe yeyote wa Busoga anavyofanya njia ikimkutanisha na mama mkwe wake. Ritah aliuona mgongo ule. Alimtazama yule mama, akautazama tena mgongo, na simu yake ikashuka taratibu mpaka ubavuni. Swali lilikuwa usoni mwake, lakini hakuliuliza.

Angeweza kutouliza. Topista angeweza kwenda zake kwa geti la nyuma, na jioni kurudi kwa njia aliyozoea, na kandambili kukaa chini ya kitanda. Wote pale walijua hivyo, na wote walikuwa wanangoja iwe hivyo.

Nabwire alipanda ngazi moja, ya pili, akasimama kwenye mbao. Siku nzima alikuwa amebeba maneno ya watu, akiyapeleka huku na kuyarudisha kule, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Alikanyaga kando ya ile alama, asije akaigusa.

"Hapo hakuharibu, Madam," alisema. "Hapo mkono wake ulisimama, aliposikia anaitwa kibarua, na mimi nikasema simjui." Akamnyooshea mkono yule mama aliyelowa. "Anaitwa Topista. Analala chumbani kwetu. Ni mama yangu."